Mwalimu Aliyetupima Pangoni

Mwalimu wetu wa kwaya hakuyaamini macho. Alisema macho ndiyo yanayoharibu kwaya, kuliko mafua, kuliko hata wivu. Mtu akiwa mrefu, amevaa vizuri na ana meno meupe, waumini watasema ameimba vizuri kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana kila mwaka, kabla hatujaanza nyimbo za Krismasi, alitupakia kwenye gari la kukodi pale mtaani Kapsoya, Eldoret, akatupeleka mpaka mbuga ya Mlima Elgon, akatuingiza pangoni na kuzima tochi zote. Huko gizani ndiko alikojua nani ataongoza wimbo upi.

Watu wa makanisa mengine ya Eldoret walitucheka. Walituita kwaya ya popo. Yeye hakujali. Alisema popo angalau husikilizana, ndiyo maana hawagongani.

Nilimjua zaidi ya miaka ishirini, ingawa si mfululizo. Mimi ni mtu wa kuondoka. Nimepakia viazi Timboroa, nimesaga mahindi Sugoi, nimekaa Kitale na Bungoma na miji mingine ambayo sikuingoja inizoee. Kila niliporudi Eldoret nilikwenda kwanza kwenye mazoezi ya kwaya, ndipo nikatafuta nyumba. Hakuwahi kuniuliza nilikuwa wapi. Angeniimbisha mistari miwili, kichwa chake amekilaza upande, macho amefumba, halafu angesema, "Sauti yako ina vumbi. Kaa nyuma mpaka liishe." Vumbi hilo liliweza kuchukua mwezi mzima kuisha. Siku moja, bila kugeuka, angenionyesha kwa kidole nisogee mbele.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo, upande wa mashine za kufuma. Watu walidhani kelele zile zingemharibu masikio. Yeye alisema ndizo zilizomfundisha. Mashine ikitaka kukatika uzi, hubadilisha sauti kidogo kabla haijakatika, na anayengoja kuuona uzi umekatika amechelewa. Kwenye mazoezi alikuwa hivyohivyo. Ungekuwa bado unajiuliza kama utakosea, na yeye ameshakutazama.

Kulikuwa na kinanda kanisani, lakini hakukitumia kutupa sauti ya kuanzia. Aliitoa kifuani mwake, akaigonga kwenye benchi kwa pete yake ya ndoa, kama mtu anayebisha hodi. Hakutaka tukae na miguu iliyokunjwa. Hakutaka mtu atafune chingamu. Hakutaka kusikia neno "samahani" katikati ya wimbo. Alisema samahani haina noti. Alipotaka kukusifu alisema "Haya." Nilipata "haya" chache sana na nazikumbuka zote.

Safari ya pangoni ilianza mwaka uliofuata ule wakati ambao Eldoret tunauita tu wakati wa fujo, zile za baada ya uchaguzi. Yeye ni mwanamke wa upande wa ziwa. Alikuwa ameondoka na watoto wake, akakaa kwa dada yake Kisumu kwa miezi, kisha akarudi nyumba ileile Kapsoya kabla wengi hawajathubutu. Kwaya ilikuwa imerudi nusu, na hiyo nusu ilisimama kwa makundi. Watu wa ziwa huku, Wakalenjin wenyeji wa Uasin Gishu kule, katikati nafasi ambayo mtu angeweza kupitisha mkokoteni. Hakuna aliyegombana. Tuliimba kwa adabu, kila upande ukingoja mwingine ukosee. Alivumilia Jumamosi chache. Kisha akatangaza kwamba tunakwenda kuona pango. Tulidhani ni matembezi ya kutufariji, tukabeba chapati na chai kwenye themosi.

Ukipita Soy na Kitale, halafu Endebess, unafika getini, na kutoka hapo unapanda msituni na askari wa wanyamapori aliyebeba bunduki. Mdomo wa pango ni mpana, malori mawili yangeingia sambamba. Maji hudondoka kutoka juu ya mdomo huo siku zote, kama pazia jembamba, na ukipita unalowa bega moja. Ndani chini ni vumbi laini na kinyesi cha tembo kilichokauka, kwa maana tembo huingia humo usiku kutafuta chumvi kwenye mwamba. Kuta zimejaa mikwaruzo ya pembe zao, mingine juu kuliko kichwa cha mtu. Zamani wenyeji wa mlima waliingiza ng'ombe wao kwa chumvi hiyohiyo. Ukizunguka mawe makubwa yaliyoanguka kutoka darini, mwanga unabaki nyuma na harufu ya popo inakukaa kooni. Hapo ndipo aliposimama.

Askari wa safari ile ya kwanza alitukataza kuimba. Alisema popo watasumbuka, na pango si kanisa.

"Afande," Mwalimu akamwambia, "wewe una bunduki na bado unaogopa alto?"

Tulicheka, naye akacheka bila kutaka. Wakakubaliana tuimbe taratibu, mmoja mmoja, bila kupiga makofi. Hapo ndipo ulipotoka utaratibu wetu, kwa sababu kama makofi yangeruhusiwa pengine tungepiga makofi tu kama watu wengine.

Ulikuwa hivi. Sote tuligeukia ukuta na tochi zikazimwa. Waliotaka kuongoza wimbo walibaki katikati. Mwalimu aliwagusa bega kwa zamu, na kila aliyeguswa akaimba ubeti mmoja. Jina halikutajwa. Wote wakimaliza, aliuliza, "Wa kwanza?" Aliyemtaka wa kwanza alivuma, mdomo ukiwa umefungwa, sauti ikitokea puani. "Wa pili?" Hivyohivyo. Hata walioimba walipiga kura, ila hakuna aliyeruhusiwa kuivumia sauti yake mwenyewe. Mvumo ulipanda darini ukarudi umechanganyika, hukuweza kujua nani amevuma na nani amenyamaza. Ila mtu akivuma peke yake, alijulikana mara moja. Ndiyo maana hakuna aliyependa kuvuma peke yake.

Mwaka ule wa kwanza, wimbo wa kufungulia Krismasi ulimwendea mama mmoja wa Kikalenjin ambaye watu wa ziwa walimvumia kwa nguvu bila kujua ni nani. Au labda walijua. Mwalimu hakusema lolote juu ya jambo hilo, si siku ile wala baadaye. Aliwasha tochi, akatwambia tule chapati kabla hazijakauka. Tukala tumechanganyika, kwa sababu gizani kila mtu alikuwa ameegemea popote alipofikia.

Baadaye pango likawa sheria. Kulikuwa na mke wa mzee mmoja wa kanisa ambaye alitununulia vitenge vya sare, vizuri kabisa, na baada ya hapo akaona ni haki aongoze wimbo. Mwalimu alimkaribisha pangoni kwa heshima zote. Akaimba. Alipoulizwa "Wa tatu?" pango lilikaa kimya mpaka tukasikia maji ya mlangoni. Wakati wa kurudi Mwalimu alikaa karibu naye, akamvunjia muhindi wake wa kuchoma nusu kwa nusu. Mama yule akalalamika kwamba sare zake hazikuthaminiwa. "Mama, kitenge ni kizuri sana," Mwalimu akamjibu. "Lakini gizani hakionekani." Mama yule alinuna mpaka Kitale. Mwaka uliofuata alirudi, akaingia safu ya soprano, na hakuomba wimbo tena.

Si kwamba Mwalimu hakuwa na upendeleo. Alimpenda wazi Wafula, mwenyekiti wetu, mwenye besi nzito. Chakula kikigawanywa, paja la kuku lilimfikia Wafula kabla sahani haijazunguka. Lakini Wafula huyo alishindwa pangoni miaka mitatu mfululizo, na kila mara Mwalimu alitangaza matokeo kwa sauti ya mtu anayetaja kituo cha gari.

Alikuwa na mambo ambayo sikuweza kuyalinganisha. Huyu aliyetuzimia tochi ndani ya mlima aliogopa giza nyumbani kwake. Taa ya koridoni iliwaka usiku kucha, na tokeni za stima zikiisha alituma mtu dukani mbio. Alitukataza umbea, lakini ukitaka kujua nani amemposa nani Kapsoya yote ulimwendea yeye. Katika kwaya alikuwa mwadilifu kama mizani, lakini katika drafti aliiba. Nilimwona kwa macho yangu akisogeza kete kwa kiwiko, nilipomwambia akasema kiwiko hakina dhambi. Na samaki wa soko la Eldoret alimdharau. Alisema amekufa mara mbili, mara ya kwanza ziwani, mara ya pili njiani. Hata hivyo alimnunua kila Ijumaa.

Swali moja lilikuwa kati yetu kwa miaka, na hakuna aliyeliuliza mbele yake. Kila mwimbaji alipimwa pangoni, hata aliyeimba miaka kumi. Aliyeshindwa alirudi kwenye safu. Je, yeye mwenyewe? Siku sauti yake ikichoka, nani atamgusa bega?

Siku hiyo ilikuja polepole. Kwanza alianza kutupa sauti ya kuanzia chini kidogo kuliko inavyotakiwa, na soprano wakafurahi kwa sababu wimbo ulikuwa rahisi. Kisha akawa anapumua katikati ya neno. Tulipoimba "fadhili," yeye aliimba "fa," akavuta hewa, kisha "dhili." Wafula alisema ni kifua, baridi ya Eldoret. Tulikubali ni baridi, ingawa ilikuwa Februari na jua linachoma.

Baraza la kanisa likamtumia ujumbe kupitia Wafula. Maneno yalikuwa mazuri. Walimshukuru kwa utumishi wake, wakasema apumzike, kwamba kanisa litatafuta mtu mwenye nguvu zaidi na anayejua kinanda. Nilikuwa nimerudi tu kutoka Timboroa, nikawepo Wafula alipompelekea ujumbe huo, nyumbani kwake. Alikuwa akiparua samaki. Aliendelea kuparua.

Kwaya ndiyo iliyokuwa imembakia. Mume alikuwa amefariki, watoto wako Nairobi, kiwanda alishakiacha zamani. Bila kwaya, siku zake zilikuwa samaki wa Ijumaa na drafti. Wafula alijua hivyo, na mimi nilijua, ndiyo maana hakuna kati yetu aliyeweza kumtazama.

"Waambie nimesikia," alisema mwishowe. "Lakini mwalimu wa kwaya hachaguliwi kwenye meza. Twende pangoni. Anayetaka kuongoza kwaya, aje aimbe. Na mimi nitaimba. Wewe Wafula utatugusa."

Wafula alisema, Mama, hakuna atakayekuja kushindana na wewe.

"Basi nitamtafuta mimi."

Akamtafuta Chebet. Chebet alifundisha watoto wadogo wa chekechea, kwao ni Sugoi, na alikuwa ameimba alto na sisi miaka michache. Sauti yake haikuwa ya kukufanya ugeuke njiani. Lakini ilianza pale ilipotakiwa kuanza na kuishia pale ilipotakiwa kuishia. Chebet alikataa. Alisema hawezi kumvunjia Mama heshima. Nasikia Mwalimu alimfuata mpaka shuleni, akangoja watoto waende nyumbani, wakazungumza wawili darasani kwenye viti vile vya watoto. Waliyozungumza siyajui. Jumamosi Chebet alikuwa kwenye gari, kimya, ameshika themosi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Njia nzima Mwalimu ndiye aliyeongea. Alitusimulia posa zote za Kapsoya. Getini alimsalimia askari kwa Kikalenjin, "Chamgei," askari akaitikia na kusahihisha namna alivyolitamka, naye akamwambia amechelewa, yeye ameshalizoea vile. Tulipanda msituni taratibu kwa ajili ya miguu yake. Kwenye pazia la maji alisimama kidogo, akaliacha limdondokee begani.

Tukageukia ukuta. Wafula akazima tochi, na giza la pango si kama giza la nyumbani. Ukiinua mkono huwezi hata kuukisia. Nikasikia viatu vya Wafula, kisha nikasikia wa kwanza akianza.

Tulimjua kwa noti moja. Alianza vizuri, bado na ule uzito niliojifunzia kuimba. Alipofika mahali pa kupanda, hewa ikamwishia katikati ya neno. Akavuta, akarudi, akatua chini ya noti. Mstari wa mwisho aliumaliza karibu kwa kusema. Popo walilia kidogo juu yetu, kisha wakatulia.

Wa pili akaimba. Alianza kwa woga, mstari wa kwanza ulitetemeka, halafu akasahau kuogopa. Alimaliza pale alipoanzia, sawasawa.

"Wa kwanza?" Wafula akauliza.

Tukavuma. Sote tulivuma, kwa nguvu kuliko nilivyowahi kusikia humo ndani, mwamba mzima ukajibu. Karibu nami kulikuwa na mtu aliyevuma huku analia. Nadhani hata Chebet alivuma.

"Wa pili?"

Kimya. Kila mtu aliona afadhali mwingine aanze. Kisha kutoka katikati, pale walipokuwa wamesimama walioimba, sauti moja ikavuma. Nyembamba, ya zamani, imenyooka. Ikakatika, ikavuta hewa, ikaendelea. Hakuna aliyekuwa na haja ya tochi.

Ilipoisha akasema, "Washeni."

Wafula akawasha. Mwalimu alikuwa ameshika kiuno, vumbi la tembo limempanda mpaka kwenye soksi. Alitutazama mmoja mmoja, yeye asiyeamini macho.

"Mmeniheshimu," akasema. "Asanteni. Heshima mngeniletea nyumbani, na sukari. Huku tulikuja kusikiliza. Hamkusikia ile sauti ya kwanza?"

Akamgeukia Wafula.

"Wafula, nimekuuliza. Ulisikia?"

"Nilisikia, Mama."

"Zima. Uliza tena."

Wafula akazima. Alikawia sana kuuliza, nikadhani ameondoka. "Wa kwanza?" akasema, na sauti yake ya besi ikawa ndogo kama ya mvulana.

Tulinyamaza. Nimenyamaza mahali pengi katika maisha yangu, vituoni, matangani, kwenye nyumba ambazo nimezihama bila kuaga. Sijawahi kunyamaza kwa taabu kama pale. Maji ya mlangoni yalidondoka, yakadondoka, na mtu yeyote kati yetu angeweza kumwokoa kwa kufungua pua tu.

"Wa pili?"

Tukavuma. Haukuwa mvumo mkubwa kama ule wa kwanza, lakini ulikuwa wa kweli, na uliendelea mpaka yeye mwenyewe aliposema, "Haya."

Wakati wa kurudi alilala, kichwa kwenye bega la Chebet, kutoka Endebess mpaka Soy. Baraza la kanisa halikupenda, kwa maana Chebet hajui kinanda, lakini hawakupata wa kuwasikiliza.

Mimi niliondoka tena baada ya Krismasi, nikakaa Bungoma miezi kadhaa na kazi ya mahindi. Niliporudi, Jumamosi alasiri, nilikwenda moja kwa moja kanisani. Mazoezi yalikuwa yamepamba moto. Chebet alikuwa mbele. Nilipomtafuta Mwalimu nilimkuta kwenye benchi la alto, mwisho kabisa karibu na dirisha, amevaa sweta la kijani, miguu haijakunjwa. Aliniona, akanionyesha kwa kidevu nikae nyuma.

Waliimba mpaka katikati ya ubeti, Chebet akainua mkono. Wakanyamaza.

"Alto," Chebet akasema. "Kuna mtu anapumua katikati ya neno."

Wanakwaya wote wakaangalia sakafu. Mama yule wa vitenge akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Chebet mwenyewe alikuwa amekaza shingo, kama mtu aliyerusha jiwe na sasa anangoja kusikia limeangukia wapi.

"Ni mimi," Mwalimu akasema.

"Basi, Mama, imba mstari huo peke yako."

Mwalimu akasimama, akaimba. Hewa ikamwishia palepale. Chebet akangoja mpaka akamaliza.

"Bado," akasema. "Pumua mapema, kabla hujaihitaji. Tena."

Mwalimu akafumba macho, akavuta hewa, akaanza tena.